Njia panda ya mwisho: uchambuzi wa kisa cha joto kwenye njia ya baiskeli kando ya ziwa, Texas

Kisa hiki kilitokea kaskazini mwa Texas, katika hifadhi ya jimbo iliyo kando ya ziwa, Jumamosi ya wikiendi ya Memorial Day, sikukuu ya Marekani ya kuwakumbuka askari waliofia vitani, mwishoni mwa Mei. Wahusika ni jumuiya ya Waswahili wa eneo hilo: Wakenya, Watanzania na Wakongo wanaokutana mara chache kwa mwaka kutembea, kuendesha baiskeli na kula pamoja. Mimi sikuwepo. Kamati yao iliniomba nizungumze na waliokuwepo na kuandika tathmini, nao wamekubali isomwe na wengine kwa sharti kwamba majina, mwaka na jina la hifadhi viondolewe. Urefu wa njia na namba za nguzo nimezibadilisha kidogo, ila uwiano wake umebaki vilevile.

Mazingira

Maziwa ya Texas karibu yote yametengenezwa na binadamu. Ukiacha Caddo, kule mpakani na Louisiana, mengi unayoyaona kwenye ramani ni mabonde ya mito yaliyozibwa kwa bwawa, kadhaa kati yake na wahandisi wa jeshi la Marekani, ili kuzuia mafuriko na kuwekea miji akiba ya maji. Bonde likijazwa maji, kila kijito kilichokuwa kikiingia mtoni hugeuka kuwa mkono wa ziwa, na ufuo unabaki na vidole vingi kama kiganja kilichokunjuliwa. Njia inayofuata ufuo wa namna hiyo hulazimika kuingia ndani hadi mwisho wa kila kidole na kutoka tena. Mtu anaweza kusimama upande wa pili akaziona meza za chakula, akasikia muziki wa wenzake, na bado akawa na kilomita nyingi za kuendesha kabla ya kuwafikia. Jiografia hii ilichangia kisa chenyewe, kama itakavyoonekana.

Jambo la pili ni udongo. Ukanda huo, uitwao Blackland Prairie, una mfinyanzi mweusi. Ukiloa huvimba na kuganda kwenye matairi mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Ukikauka hupasuka nyufa za kutosha kunasa tairi. Kwa hiyo njia za baiskeli hufungwa kila baada ya mvua, na mara nyingi wanaotoa habari kwamba imefungwa au imefunguliwa ni waendesha baiskeli wa kujitolea wanaozitunza kwa kushirikiana na hifadhi. Wiki hiyo mvua kubwa ilinyesha Jumatano, na njia ilifunguliwa Jumamosi asubuhi. Juu pamekauka, lakini ndani ya vichaka vya cedar unyevu ulikuwa bado umetuama, na cedar zile zimesongamana kiasi cha kuzuia upepo wowote utokao ziwani.

Njia yenyewe ina mizunguko mitatu inayoanzia mahali pamoja: mfupi wa maili 3, wa kati wa maili 7 na mrefu wa maili 11, yaani karibu kilomita 5, 11 na 18. Wote huanza njia moja, kisha kuna mikato miwili ya kurudi. Mkato wa pili uko maili 5 kutoka mwanzo. Ukiuchukua, zimebaki maili 2 hadi kwenye maegesho. Ukiupita, zimebaki 6, na katikati hakuna pa kutokea isipokuwa barabara moja ya huduma yenye geti lililofungwa kwa kufuli. Kila nusu maili kuna nguzo fupi ya mbao yenye namba. Baiskeli huenda mwelekeo mmoja, na waenda kwa miguu huenda kinyume chake ili waonane uso kwa uso. Baiskeli ndiyo inayompisha mwenda kwa miguu.

Watu na mpango

Walijiandikisha watu 26. Kumi na saba, wakiwemo watoto, walipanga kutembea mzunguko mfupi. Tisa walikuja na baiskeli: wanne wenye mazoea, watano wageni au waliokuwa na miaka hawajapanda. Mpango ulikuwa kuanza saa mbili asubuhi, baiskeli zipige mzunguko mrefu, na wote wakutane mezani saa sita kwa nyama choma.

Mtu wa kisa hiki ninamwita Mzee B. Ana umri wa miaka hamsini na kitu, mwili wake ni imara, na kijijini kwao aliendesha baiskeli kwa miaka mingi. Hufanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Siku hiyo alitoka kazini alfajiri, akalala chini ya saa mbili, akanywa kahawa na kuja. Alikuwa pia anameza kidonge cha presha, cha lile kundi linalomfanya mtu akojoe zaidi. Hakuna aliyejua habari ya kidonge hadi alipofika hospitalini, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Ujumbe wa simu uliotumwa kwa wote ulisema: "Kila mtu abebe maji yake. Baiskeli ni mzunguko wa 11." Maili au kilomita, haukusema.

Yaliyotokea

Getini. Hifadhi za Texas hujaa wikiendi za sikukuu, na zikijaa, asiye na nafasi aliyoiweka mapema hurudishwa. Magari matano ya kundi hili yalikuwa yameweka nafasi. Matatu hayakuweka, na moja kati ya hayo ndilo lililobeba nyama na makaa. Kamati iliamua kusubiri wote waingie. Sababu yao inaeleweka: hii ni shughuli ya jumuiya, na kuwaacha watu nje ya geti halafu wengine wakaburudike ni jambo ambalo lingesemwa mwaka mzima. Baiskeli ziliondoka saa tano kasoro dakika ishirini.

Kwenye kibao cha ramani. Kiongozi wa baiskeli aliuliza kama bado wanataka mzunguko mrefu. Wale wenye mazoea walitaka. Wawili kati ya wageni waliniambia waliiona namba 11 wakadhani ni kilomita, wakajisemea inawezekana. Kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliipiga ramani picha. Alifanya hivyo kwa mazoea tu, ila nakuomba uikumbuke picha hiyo.

Joto lilikuwa likielekea nyuzi 33 za Selsiasi, yaani 91 za Farenhaiti. Kwa Texas hilo si joto la kutisha. Agosti huwa kali zaidi. Lakini mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea kufanya kazi kwenye joto, na Mei hakuna aliyezoea.

Njia panda ya mwisho. Ndani ya nusu saa kundi lilikatika vipande viwili. Walioko mbele walifika nguzo ya 10, penye mkato wa pili, wakashuka, wakanywa maji, wakakaa kivulini kama dakika ishirini. Walio nyuma walipotokea, Mzee B. akiwa wa mwisho, kiongozi aliuliza, "Mko sawa?" Wakajibu wako sawa. Akasema, "Basi twende, tumechelewa chakula." Wa mbele wakapanda. Mzee B. hakuwa hata ameshusha mguu wa pili.

Alikuwa na chupa moja ya nusu lita, na ilikuwa tupu.

Kuna jambo jingine kuhusu mahali pale. Ukisimama nguzo ya 10 unaona maegesho na meza za chakula ng'ambo ya mkono wa ziwa, umbali ambao mtu mwenye sauti anaweza kuita akasikika. Mama T., aliyekuwa nyuma pamoja naye, anakumbuka Mzee B. akinyoosha kidole na kusema, "Si pale tu?" Kwa mkato ilikuwa kweli pale tu. Kwa njia waliyoichukua zilikuwa kilomita karibu kumi.

Nguzo ya 14. Nyuma walibaki wanne: Mzee B., kijana wa chuo, Mama T., na mwenzake Mzee B. wa kazini. Kilima kidogo baada ya nguzo ya 13 Mzee B. alikipanda akisukuma baiskeli. Kijana alikuwa nyuma yake na aliona anayumba kidogo, akadhani ni uchovu. Walipofika juu akamwambia, "Mzee, tupumzike kidogo." Mzee B. akamjibu kwamba hawezi, zamu yake haijaisha. Kisha akaanza kutafuta helmeti yake, naye ameivaa.

Ilikuwa karibu saa saba mchana. Alikuwa bado anatokwa na jasho jingi. Nalitaja hilo kwa sababu wengi wetu tumefundishwa kwamba hatari huanza jasho likikauka. Kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi nzito jasho linaweza kuendelea kumwagika huku akili imeshaanza kuvurugika, na ni kuvurugika huko ndiko kunakotofautisha uchovu wa joto na dharura.

Maamuzi ya dakika zile na sababu zake

Walimkalisha kivulini, wakatofautiana. Mwenzake wa kazini alitaka wampumzishe, wampe maji, kisha wamsukume juu ya baiskeli taratibu hadi kwenye maegesho. Hofu yake hakuificha: ambulensi Marekani ina bili, na anamjua mtu aliyelipa madeni ya ambulensi kwa miaka. Mama T. alitaka simu ipigwe mara moja. Kijana alinyamaza kwanza, kwa kuwa ndiye mdogo. Mvutano huo ulichukua, kwa makadirio yao wenyewe, zaidi ya dakika kumi.

Kilichoukata ni simu kwa dada mmoja muuguzi aliyekuwa na watembeaji wa mzunguko mfupi. Mtandao ulikuwa dhaifu, ila alisikika akiuliza swali moja: anajua yuko wapi? Hakujua. Akawaambia wapige 911, namba ya dharura ya Marekani, na waanze kumpoza papo hapo, wasisubiri mtu.

Mhudumu wa 911 alipouliza mahali walipo, kijana alifungua picha ya ramani, akasoma namba ya nguzo iliyokuwa mbele yao, akataja na barabara ya huduma iliyo karibu. Askari wa hifadhi walikuwa na ufunguo wa geti.

Kumpoza ndiko kulikokuwa kugumu, kwa sababu maji ya chupa yalikuwa yamebaki mafunda machache. Kijana na yule mwenzake wa kazini walivua fulana, wakashuka vichakani hadi ziwani, wakazilowesha na kurudi mbio. Walimvua Mzee B. shati na viatu, wakamfunika fulana zenye maji kifuani, shingoni na kwapani, wakawa wanazibadilisha kila zinapopata joto huku Mama T. akimpepea kwa ile helmeti. Walifikiria kumtia ziwani, wakaacha. Nadhani walipima vizuri. Kumzamisha mtu kwenye maji ya baridi ndiyo njia ya haraka zaidi ya kushusha joto la mwili, lakini kumteremsha kwenye ufuo wa matope mtu aliyechanganyikiwa, wakiwa wawili tu wenye nguvu, kungeweza kuleta balaa la pili. Kumnywesha kwa nguvu pia hawakujaribu. Asiyejitambua sawasawa anaweza kupaliwa.

Wakati huo walitokea waenda kwa miguu wawili, watu wasiowafahamu, wakija mwelekeo wa kinyume. Hao walirudi hadi inapokatiza barabara ya huduma, wakasimama pale kuwaelekeza waokoaji. Kama mwelekeo wa watu wote ungekuwa mmoja, wapita njia hao wangekuwa maili kadhaa nyuma yao au mbele yao.

Matokeo

Gari dogo la askari wa hifadhi lilifika na watu wa zimamoto. Mzee B. alikuwa ameanza kutaja majina ya walio karibu naye kwa usahihi. Alipelekwa hospitalini, akalazwa usiku mmoja, akapimwa damu na figo, akaruhusiwa kesho yake. Madaktari walisema ni kiharusi cha joto, na kwamba kule kupozwa njiani kulimsaidia sana. Daktari wake alimbadilishia kidonge cha presha. Hakwenda kazini kwa wiki nzima. Bili ilikuja, na bima ya kazini ilibeba sehemu kubwa.

Majeruhi wa pili alikuwa kijana wa chuo: mikono na shingo zilimtoka malengelenge baada ya siku mbili. Vile vichaka alivyovikata kwenda ziwani vilikuwa na poison ivy, mmea wa majani matatumatatu ambao mafuta yake hubaki kwenye ngozi na nguo usipoyaosha kwa sabuni mapema. Analisimulia kwa kucheka sasa.

Uchambuzi

Kamati ilipoanza mazungumzo yake ilikuwa ikitafuta kosa kwenye nguzo ya 14. Mimi naona pale mambo yalikwenda vizuri kuliko tulivyostahili kutarajia, ukiondoa zile dakika kumi za mvutano. Kisa kiliamuliwa nguzo ya 10. Kabla ya hapo kila kosa lilikuwa na dawa: umechelewa, hujalala, maji yamekuisha, kata kushoto, maili 2 umefika. Baada ya hapo hapakuwa na dawa tena. Na njia panda hiyo haikuwa siri. Ilikuwa kwenye ramani, mtu angeweza kuijua akiwa kitandani kwake Ijumaa usiku.

Sasa tazama ilivyotumiwa. Waliopumzika ni wale ambao hawakuhitaji mapumziko. Aliyefika wa mwisho, amechoka kuliko wote, ndiye aliyepata mapumziko ya sifuri, kwa kuwa kufika kwake ndiko kulikokuwa ishara ya wengine kuondoka. Hili hutokea kwenye kila kundi la baiskeli na la mlima nililowahi kuliona, na huwa halifanywi kwa ubaya. Walio mbele wanaamini kabisa kwamba wamesubiri.

Kisha lile swali. "Mko sawa?" likiulizwa mbele ya watu, huku muulizaji ameshapanda baiskeli, lina jibu moja tu. Mzee B. aliniambia mwenyewe kwamba maji yalikuwa yamemwishia na kichwa kilikuwa kikigonga, ila hakutaka kuwa yeye aliyeharibu safari. Na kwa upande wa vijana, nani atamwambia mzee arudi? Kijana wa chuo alishaona mapema kwamba chupa ni tupu. Alimpa mafunda mawili ya kwake, kwa heshima, na akanyamaza. Heshima hiyo siilaumu. Naulaumu utaratibu uliomtegemea kijana wa miaka ishirini amzuie mtu wa umri wa baba yake.

Kuhusu 911, hofu ya bili ni ya haki na haiondolewi kwa hotuba. Lakini kupiga simu na kubebwa ni mambo mawili. Simu yenyewe hailipiwi, na mtu mwenye akili timamu anaweza kukataa kubebwa wahudumu wakishamtazama. Asiyejua helmeti iko kichwani mwake hawezi kufanya uamuzi huo, na wenzake hawana haki ya kuufanya kwa niaba yake wakiwazia pesa. Hapo ningemsogeza pembeni yule mwenzake wa kazini, na yeye leo anasema hivyohivyo.

Kuchelewa getini kulihamisha safari nzima kutoka asubuhi hadi adhuhuri, na bado mzunguko haukubadilishwa. Hapo sioni utetezi. Kusubiri kwa ajili ya umoja ni sawa. Lakini ukishasubiri zaidi ya saa mbili na nusu, mpango wa saa mbili asubuhi umekufa, na mzunguko wa kati ulikuwa palepale kwenye kibao.

Maji nitayapitia haraka. Nusu lita kwa saa ni kiwango cha chini kwa kazi ile, pamoja na kitu chenye chumvi, na "kila mtu abebe maji yake" si kipimo.

Nikihesabu bahati: mtandao wa simu ulipatikana, ziwa lilikuwa karibu, na kijana alikuwa nyuma badala ya mbele. La mwisho hilo halikupangwa na mtu. Kama Mzee B. angebaki nyuma peke yake, wa mbele wangegundua hayupo wakiwa mezani.

Waliyobadilisha

Ujumbe wa safari sasa hutaja maili na kilomita, lita za maji, na saa ambayo ikipita mzunguko mrefu unafutwa bila kujadiliwa. Kila dereva huweka nafasi yake ya getini kabla ya Alhamisi, na nyama husafiri kwenye gari la kwanza. Mtu mmoja mzoefu hufunga msafara, hampiti yeyote. Kwenye njia panda ya mwisho wote hushuka, na anayesema twende ni aliyefika wa mwisho, akishapumzika. Chupa hazitajwi, huinuliwa juu zikaonekana. Aliye na chini ya nusu hukata mkato, mzee au kijana, na anayefunga msafara hurudi naye ili asirudi peke yake. Sheria ikiwa ya chupa, hakuna aliyemwambia mzee kitu.

Dawa zimekuwa ngumu zaidi. Watu hawataki kutangaza magonjwa yao kwenye simu ya kundi, na wana haki. Walichokubaliana ni kwamba mwenye dawa ya presha, moyo au kisukari amwone yule dada muuguzi faragha kabla ya safari, na aulize daktari wake kuhusu joto; asiiache dawa kwa uamuzi wake.

Linalowagawa hadi leo ni zamu ya usiku. Mama T. anataka iwe marufuku kabisa kupanda baiskeli kwa mtu aliyetoka kazini alfajiri. Wengine wanasema karibu nusu ya wanaume wa jumuiya hufanya kazi usiku, Jumamosi ndiyo siku yao pekee, na ukiwapiga marufuku umewaondoa kwenye jumuiya yenyewe. Kwa sasa wamekubaliana kwamba aliyetoka zamu atembee mzunguko mfupi na familia, au alale kwanza aje saa ya chakula. Mzee B. mwenyewe yuko upande wa Mama T.